Risasi Moja, Maana Nne: Uhakiki wa Istilahi za Kaliba, Katriji na Mtutu

Kiswahili kina maneno yaliyotwishwa mzigo kupita nguvu zao, na neno risasi ni mojawapo. Mwalimu wa kemia hulitumia kutaja metali nzito ya rangi ya kijivu. Mwandishi wa gazeti hulitumia kutaja kile kipande kinachotoka mtutuni na kumpata mtu. Askari wa ghala la silaha hulitumia kutaja kitu kizima, chenye ganda, baruti na kichwa, ambacho bado hakijafyatuliwa. Naye mwanakijiji asemaye kuwa usiku zilisikika risasi tatu hataji kitu cha kushikika hata kidogo, bali mlio. Maana ni nne, na neno ni moja.

Katika mazungumzo ya barazani jambo hili halimdhuru mtu, kwani muktadha huongoza. Lakini mbele ya hakimu hali ni nyingine. Shahidi akieleza kwamba nyumbani kwa mshtakiwa zilipatikana risasi tano, yaweza kuwa zilipatikana katriji tano nzima, au vipande vitano vilivyochimbuliwa ukutani, au maganda matano matupu yaliyookotwa njiani. Vitu hivyo vitatu havina uzito mmoja katika ushahidi. Tangu mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria nchini Tanzania, na kazi ya kuzifasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza imo mikononi mwa wasomaji wa kurasa hizi. Miongoni mwa sheria hizo imo ile ya mwaka 2015 inayohusu udhibiti wa silaha za moto na risasi zake. Kwa hiyo swali la neno risasi si la wapenda kamusi peke yao.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno tuliyo nayo kwa kuyapa jaribio gumu. Tumechagua jambo ambalo si letu, bali ni la Marekani: namna mwindaji au fundi wa nchi hiyo anavyochagua katriji ya kaliba ndogo, isiyotengenezwa na kiwanda chochote, ili aitie mtutu mpya bunduki yake ya kuulia wanyama waharibifu. Tumelichagua kwa sababu moja tu. Katika ufundi huu kila sehemu ya katriji hushughulikiwa peke yake, na mtu anayechanganya sehemu mbili anaweza kupoteza jicho au mkono. Istilahi zikistahimili hapo, zitastahimili polisi, mahakamani na darasani.

I. Vitu vyenyewe

Kabla ya kuhakiki majina yafaa tuvijue vitu. Katriji ya bunduki ya kisasa ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba nyeupe iliyochanganywa na zinki. Ya pili ni fataki, kile kikombe kidogo kilichozamishwa katika kitako cha ganda, ambacho hugongwa na pini na kutoa cheche. Ya tatu ni baruti. Ya nne ni risasi, ambayo leo mara nyingi ina moyo wa madini ya risasi na koti la shaba nyekundu. Tazama: hata katika sentensi hiyo ya mwisho neno limelazimika kutumika mara mbili kwa maana mbili.

Katriji huingia katika chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu iliyotobolewa kwa umbo la ganda lenyewe. Komeo huifunga chemba kwa nyuma na kukishika kitako. Mbele ya chemba huanza mifuo, ambayo huzunguka ndani ya mtutu mithili ya hesi, na kuilazimisha risasi ijizungushe ili iruke bila kupinduka. Baina ya mfuo na mfuo huachwa tuta. Kwa hiyo mtutu wenye mifuo una vipenyo viwili: kipenyo cha baina ya matuta, na kipenyo cha baina ya vina vya mifuo. Jambo hili dogo ndilo chanzo cha fujo tutakayoieleza sasa.

II. Kiingereza si kioo kisafi

Wafasiri wengi huamini kwamba lugha ya kigeni imeyapanga mambo yake vizuri, na kwamba upungufu uko kwetu. Katika uwanja huu imani hiyo haina msingi. Majina ya katriji za Marekani yamejengwa kwa desturi nyingi zinazopingana, na mfasiri anayezichukua namba hizo kuwa vipimo hudanganyika.

Mathalani, katriji hizi nane zina majina ya namba tofauti: .218 Bee, .219 Zipper, .220 Swift, .221 Fireball, .222 Remington, .223 Remington, .224 Weatherby na .225 Winchester. Mtu asiyejua atadhani kwamba hizi ni risasi za unene wa namna nane, zikipandana kwa elfu moja ya inchi. Sivyo. Zote nane hutumia risasi ya kipenyo kile kile, inchi 0.224, yaani milimita 5.69. Namba nyingine zilichaguliwa na wafanya biashara ili jina jipya litofautiane na jina la zamani, basi.

Vipimo vya milimita navyo havikusalimika. Katriji ya kijeshi iitwayo 5.56×45 hutumia risasi hiyo hiyo ya milimita 5.69, ile 5.56 ni kipenyo cha baina ya matuta, na 45 ni urefu wa ganda. Walakini mtindo huu una faida moja kubwa: namba ya pili ina maana moja siku zote.

Katika mtindo wa Kimarekani namba ya pili ina maana nne. Katika .30-30 namba ya pili ni uzani wa baruti, punje 30. Katika .30-06 ni mwaka 1906. Katika .250-3000, iliyobuniwa na Charles Newton na kutolewa na kampuni ya Savage mwaka 1915, ni mwendo wa risasi, futi 3,000 kwa sekunde. Na katika .22-250 ni jina la katriji mzazi, kwa kuwa ganda la .250-3000 lilibanwa shingo ili lipokee risasi ya .22. Basi kistari kimoja kidogo kimebeba uzani, mwaka, mwendo na nasaba. Mfasiri akiandika kwa bidii kwamba .22-250 ni risasi yenye baruti ya punje 250, atakuwa amefuata kanuni ya .30-30 kwa unyofu, na atakuwa amepotosha umma.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba jina la katriji ni jina, wala si kipimo, na halifasiriwi. Huandikwa kama lilivyo, pamoja na nukta na kistari chake, kama vile tusivyofasiri majina ya watu. Pili, kwamba panapohitajika kipimo, kitolewe kando, kwa milimita, na isemwe ni kipenyo cha nini. Tatu, kwamba Kiswahili hakina wajibu wa kuurithi mkorogo wa wengine.

III. Maneno tuliyoachiwa

Utaratibu tuliouzoea katika kuunda istilahi ni kutazama kwanza ndani ya lugha yenyewe kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Bunduki si mgeni wa juzi katika pwani yetu, na kamusi za zamani zimehifadhi msamiati ambao wengi wetu tumeusahau.

Mtutu tunao, na ni neno zima. Kasiba, lenye asili ya Kiarabu, lilitumika pia kwa mtutu, lakini leo halisikiki sana na halina kazi ambayo mtutu hauwezi kuifanya. Marisaa, au marisau, yalikuwa yale matone madogo ya bunduki ya ndege; neno hili tunaona linastahili kurudishwa, kwani hakuna jingine litofautishalo risasi moja na chembe nyingi zitokazo kwa pamoja. Popoo ilikuwa risasi ya mviringo ya gobori. Yafaa ibaki katika makumbusho na katika vitabu vya historia, ambako itamsaidia mwalimu kueleza tofauti ya zama.

Fataki ndilo jina la zamani la kifuko kidogo cha kuwashia baruti. Kwa maana ya kitu, tungeliteua bila wasiwasi. Lakini neno limesafiri: kwanza kwenye milipuko ya sherehe, kisha, baada ya kampeni ya redioni iliyoanza Tanzania mwaka 2008, kwenye mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Je, safari hizo zimeliharibu? Sisi tunaona hazikuliharibu. Hakuna msomaji atakayeona maneno fataki ya katriji akamfikiria mtu huyo. Neno kiwashio, ambalo baadhi ya watu hulipendelea, ni pana mno. Kila kitu kiwashacho ni kiwashio.

Kiasi ndilo lililokuwa jina la katriji nzima: kiasi cha bunduki, yaani kipimo cha baruti na risasi kilichofungwa pamoja tayari kwa mfyatuo mmoja. Ni neno lenye mantiki nzuri, na wapenzi wa Kiswahili cha kale wangefurahi kuliona likifufuka. Hata hivyo hatuwezi kulipendekeza. Kiasi kimekwisha kuolewa na maana ya wingi na kadiri, na sentensi kama vile alikutwa na viasi vitano ingemwacha karani mahali pale pale tulipomkuta, pengine pabaya zaidi. Istilahi isiyoeleweka na karani wa wilaya haijasaidia kitu, hata iwe na nasaba tukufu namna gani.

Linabaki neno katriji, ambalo mafundi wa ofisini wamekwisha kulizoea kwa mintarafu ya wino wa mashine za kuchapia. Pingamizi kwamba tayari lina kazi nyingine halina nguvu, kwa sababu bunduki na mashine ya kuchapia hazikutani katika sentensi moja ila kwa nadra. Tunalikubali.

Kaliba ni kisa cha kupendeza. Mafundi wa pwani walikuwa na kalibu, chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa, na kalibu ya risasi ilikuwa miongoni mwa zana za mwenye gobori. Neno hilo lilitokana na Kiarabu. Wataalamu wengi wa asili za maneno husema kwamba neno la Kifaransa lililozaa neno la Kiingereza la kaliba nalo lilitoka katika shina hilo hilo la Kiarabu, kwa kupitia Kiitalia. Kwa hiyo kaliba na kalibu ni ndugu waliopotezana bandarini na kukutana uzeeni. Atakayelalamika kwamba kaliba ni neno la kizungu aelezwe kwamba lilipita Ulaya, halikuzaliwa huko.

IV. Paka mwitu au karakana?

Sasa tufike kwenye neno gumu kuliko yote. Katriji iliyobuniwa na fundi binafsi, kwa kubana au kutanua ganda la kiwandani, bila ya vipimo vyake kuthibitishwa na chama cha viwanda, Wamarekani huiita kwa jina la mnyama, yaani paka wa mwituni. Jina hilo halikuanzia kwenye bunduki. Katika karne ya 19 lilitumika kwa benki zilizotoa noti bila ya dhamana ya kutosha. Baadaye likatumika kwa visima vya mafuta vilivyochimbwa mahali pasipojulikana, na kwa migomo isiyoidhinishwa na chama cha wafanyakazi. Katika matumizi yote hayo kiini cha maana ni kimoja: jambo lililofanywa nje ya utaratibu uliokubaliwa.

Mfasiri wa neno kwa neno ataandika risasi ya paka mwitu. Kosa la tafsiri hiyo ni la sarufi kabla ya kuwa la maana. Katika Kiswahili, risasi ya tembo ni risasi ya kumpigia tembo, na dawa ya mbu ni dawa ya kumwulia mbu. Msomaji wetu, kwa haki yake, atafahamu kwamba risasi hii imetengenezwa kwa ajili ya kumpiga paka mwitu, na atashangaa kwa nini mnyama huyo ana uadui na Marekani nzima.

Wapo watakaosema katriji isiyo sanifu. Hii ni sahihi kwa maana ya kiufundi, lakini katika masikio ya watu wetu kitu kisicho sanifu ni kitu hafifu, ilhali baadhi ya katriji hizi zimetengenezwa kwa umakini unaoshinda ule wa kiwandani. Wapo watakaosema katriji isiyosajiliwa. Hii tunaikataa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ina hatari. Mtumishi wa serikali akisoma neno isiyosajiliwa karibu na neno bunduki ataona jinai, ambapo hapana jinai yoyote. Na wapo watakaosema katriji gushi, jambo ambalo ni uongo mtupu, kwani mwenye kubuni kitu chake na kukipa jina lake hajamghushi mtu.

Sisi tunapendekeza katriji ya karakana, dhidi ya katriji ya kiwanda. Tumeliteua jina hili kwa sababu linataja mahali kitu kilipozaliwa bila ya kukihukumu, na kwa sababu lina mwenzi wake aliyekwisha kuwapo. Tena linaweza kusimulia historia. Tuseme: .22-250 ilikuwa katriji ya karakana tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1965, Remington ilipoichukua ikawa katriji ya kiwanda. Mafundi walioishughulikia mwanzoni, J. E. Gebby miongoni mwao, waliipa jina la Varminter. Gebby alilihodhi jina hilo, na wengine wakalazimika kusema.22-250. Hata huko, basi, ugomvi wa jina ndio uliolizaa jina.

Neno wanyama waharibifu nalo lataka tahadhari. Huko Marekani wanaokusudiwa ni wagugunaji wa mashimoni wa mbuga za magharibi, mbweha wa huko, na wengineo wanaoharibu malisho au mifugo. Kama kweli ni waharibifu au la, ni mjadala wa wanaikolojia, na mfasiri hakuajiriwa kuuamua. Ila asifupishe jina la silaha kuwa bunduki ya waharibifu, kwa sababu hapo waharibifu watakuwa watu. Bunduki ya kuulia wanyama waharibifu ni ndefu, lakini haina utata.

V. Jaribio

Tuyatie sasa maneno haya kazini. Aya zifuatazo zinaeleza jambo lenyewe kwa Kiswahili peke yake, na msomaji ahukumu.

Mtu wa Marekani anayo bunduki ya komeo ya .223 Remington. Baada ya kufyatuliwa maelfu ya mara, mwanzo wa mifuo umeliwa na moto wa baruti, na shabaha imepotea. Komeo na mtambo wake ni vizima. Anakusudia kuitia mtutu mpya, na kwa kuwa chemba itatobolewa upya, ana hiari ya kuchagua katriji nyingine.

Jambo la kwanza analolitazama ni kitako. Komeo lake limechongwa kushika kitako cha kipenyo cha milimita 9.6, ambacho ni cha jamii nzima ya .222 Remington, iliyoanza mwaka 1950. Katriji yoyote ya jamii hiyo itaingia bila ya komeo kuguswa. Akitaka .22-250, ambayo kitako chake ni milimita 12, hana budi kubadili komeo pia, na gharama itapanda.

Jambo la pili ni kaliba. Kaliba ya .17 hutumia risasi ya kipenyo cha milimita 4.37, yenye uzani wa gramu 1.3 hadi 1.6 kwa kawaida. Teke lake ni dogo sana, hata mpigaji huiona shabaha yake ndani ya darubini wakati wa kufyatua. Kwa upande mwingine, mtutu mwembamba hivyo huziba upesi kwa utando wa shaba, na risasi nyepesi husukumwa na upepo. Kaliba ya .22 hutumia risasi ya milimita 5.69, na zile nyepesi za kazi hii huwa baina ya gramu 2.6 na 3.6, hazisumbuliwi sana na upepo, lakini teke ni kubwa zaidi. Kaliba ya .20, yenye risasi ya milimita 5.18 na uzani wa gramu 2 hadi 2.6, imekaa katikati, na ndiyo sababu mafundi wa karakana waliipenda.

Jambo la tatu ni uwiano wa ganda na mtutu. Ganda kubwa likiunguza baruti nyingi kupitia tundu dogo, mwendo huongezeka, lakini mwanzo wa mifuo huliwa mapema. Ganda dogo hutoa mwendo mdogo kidogo na kuurefusha umri wa mtutu. Anayefyatua mara mamia kwa siku moja huona faida ya ganda dogo kuliko yule anayefyatua mara mbili kwa juma.

Jambo la nne ni msokoto wa mifuo. Risasi ndefu hutaka msokoto wa kasi zaidi. Mitutu ya .22-250 kwa desturi ilipewa mzunguko mmoja katika kila inchi 14, ambao hutosha kwa risasi fupi na kushindwa kwa zile ndefu. Msokoto ukishachongwa haubadiliki, kwa hiyo uamuzi huu hufanywa kabla ya mtutu kununuliwa.

Jambo la tano ni upatikanaji wa maganda. Mwenye katriji ya karakana hanunui ganda tayari. Huchukua ganda mzazi na kulibana shingo kwa kalibu ya chuma, na pengine hulifyatua kwanza ndani ya chemba mpya ili moto ulitanue lishike umbo. P. O. Ackley, fundi mashuhuri aliyeishi kati ya 1903 na 1989, alijulikana kwa kuyanyoosha maganda ya viwandani na kuyapa bega lenye pembe ya nyuzi 40. Ganda la .223 likibanwa shingo kufikia .20 huitwa .20 Tactical; lile la .221 Fireball likibanwa hivyo huitwa .20 VarTarg. Lakini tangu viwanda vitoe .204 Ruger mwaka 2004, na .17 Fireball mwaka 2007, mwenye kutaka kaliba ndogo anaweza kuipata dukani. Ndugu huyu, kama hana mapenzi ya kazi ya mikono, atafanya busara kuchagua .204 Ruger, ambayo kitako chake kinalingana na komeo lake. Kama anataka kuhifadhi baruti na mtutu, na hachoki kubana shingo, .20 VarTarg itamfaa.

Jambo la sita ndilo linalotuhusu zaidi sisi watu wa maneno. Kitako cha ganda huwa kimechapwa jina la kiwandani, na ganda likibadilishwa umbo maandishi hayo hayabadiliki. Katriji ya .20 Tactical yaweza kusomeka .223 katika kitako chake. Kwa hiyo ni lazima jina la kweli lichongwe juu ya mtutu na liandikwe juu ya sanduku. Jina lililokosewa hapa halichekeshi. Katriji ya .300 Blackout, iliyotokana na ganda la jamii hii kwa kutanuliwa shingo ili lipokee risasi ya milimita 7.82, inaweza kwa baadhi ya risasi kuingia katika chemba ya .223, na ikifyatuliwa humo huipasua bunduki mikononi mwa mwenyewe.

VI. Hukumu na mapendekezo

Jaribio limeonyesha mambo mawili. La kwanza, Kiswahili kinaweza kulieleza jambo hili bila ya kuazima hata sentensi moja. Shingo, bega na kitako havikutoka katika Kiingereza. Vimetoka katika chupa, kibuyu na mtungi, vyombo ambavyo kila nyumba inavyo. La pili, uwezo huo unapatikana kwa sharti moja tu, kwamba neno risasi litulizwe mahali pamoja. Atakayetia shaka aiandike upya aya ya tano ya jaribio kwa kutumia neno risasi peke yake kwa ganda, katriji na kichwa, kisha amsomee mwenzake. Hatafika katikati kabla ya kuulizwa: risasi ipi?

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

1. Risasi litumike kwa kipande kinachoruka tu. Metali iitwe madini ya risasi, na kitendo kiitwe mfyatuo au mlio.
2. Katriji litumike kwa kitu kizima ambacho hakijafyatuliwa, na ganda kwa kile kinachobaki baada ya kufyatuliwa.
3. Fataki ya katriji litumike kwa kiwashio kilichomo kitakoni. Marisaa kwa chembe nyingi za bunduki ya ndege.
4. Kaliba litumike kwa jina la ukubwa kama lilivyozoeleka, na kipenyo kwa kipimo halisi, kwa milimita.
5. Majina kama .22-250 yaandikwe kama yalivyo, bila ya kufasiriwa.
6. Katriji ya karakana litumike kwa katriji isiyo ya kiwanda, bila ya kulitia neno hilo lawama.

Twajua kwamba pendekezo la kwanza ndilo litakalopingwa, kwa kuwa gazeti halitaacha kesho kuandika kwamba zilisikika risasi. Hatulitaki gazeti liache. Lugha ya barabarani ina uhuru wake, na istilahi haikuja kuunyang'anya. Tunachodai ni kwamba hati ya mashtaka, orodha ya ghala, kitabu cha mafunzo na kifungu cha sheria visizungumze kama barabara. Mtu anaweza kufungwa au kuachiwa kwa neno lililomo katika hati hizo, na ni haki yake kwamba neno hilo liwe na maana moja. Walio karibu na ghala na karakana, ambao husikia kila siku maneno ambayo sisi wa ofisini hatuyasikii, tunawaomba watuletee yale yaliyo bora kuliko haya.